Mti Mzuri Usife Pamoja na Mwenyewe

Wazee walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa nyoka ni kweli, lakini kwa parachichi si kweli. Ukila parachichi nono, lisilo na nyuzi, ukaizika kokwa yake uani, mti utakaoota si lazima uzae matunda kama lile ulilokula. Waweza kuzaa matunda madogo yenye majimaji, kokwa kubwa kuliko nyama. Wala jambo hilo hutalijua kesho au mwaka ujao. Utalijua baada ya miaka 7, pengine 10, ukiwa umekwisha kuumwagilia maji mti huo, kuujengea uzio na kuufukuzia mbuzi kila siku.

Sababu yake si uchawi wala udongo mbaya. Kokwa ina baba na mama. Nyuki hutoka na unga wa ua la mti mmoja akaupeleka kwenye ua la mti mwingine, na hapo ndipo kokwa hutungwa. Nyama ya tunda uliyoila ni ya mama peke yake. Lakini kokwa iliyo ndani ni mtoto wa wazazi wawili. Basi, kama vile ndugu wa tumbo moja walivyo, huyu mrefu na yule mfupi, huyu mpole na yule mkali, ndivyo makokwa ya mti mmoja yanavyotofautiana.

Kwa maembe mambo ni mawili. Yako maembe ambayo kokwa moja hutoa miche miwili au mitatu, na mingi kati ya miche hiyo hufanana na mama. Yako na mengine ambayo kokwa hutoa mche mmoja tu, na huo ni bahati nasibu. Michungwa nayo mingi huweza kufanana na mama kwa mbegu, lakini yule apandaye mbegu hungoja miaka mingi, na mti wake huwa na miiba mingi. Tena, yako machungwa yasiyo na mbegu kabisa, yale yenye kitovu. Hayo, msomaji, yangepandwaje kama watu wasingekuwa na njia nyingine?

Njia hiyo ipo, na ni ya zamani sana. Tanzania watu wengi huiita kubebesha. Kenya husema zaidi kupandikiza. Neno kubebesha limefaa sana. Mche wa chini, wenye mizizi, hubebeshwa tawi la mti mwingine, kama yaya abebavyo mtoto wa mwenziwe. Humlisha na kumkuza, lakini hambadili sura. Tawi la embe dodo likibebwa na mche wa embe chachu, litazaa dodo.

Mti mmoja uliokufa, lakini hai

Hapana kijiji kisicho na mti wake mashuhuri. Utasikia watu wakisema, "Embe la kwa bibi fulani," au, "Parachichi la nyuma ya nyumba ya mzee fulani." Watoto wote wanaujua, na msimu ukifika majirani hutuma vikapu. Kisha mwenyewe hufa. Kiwanja hugawanywa, mmoja auza sehemu yake, mnunuzi ajenga, na mti hukatwa ukawa mkaa. Msimu wa pili ndipo watoto wa marehemu hukumbuka ladha ile na kuanza kuulizana kama yuko aliyehifadhi kokwa. Hata kama yuko, tumekwisha kuona kwamba kokwa haina ahadi.

Sasa sikilizeni habari za mti mmoja wa Marekani. Katika miaka ya 1920, tarishi mmoja wa posta aitwaye Rudolph Hass alipanda makokwa ya parachichi katika shamba lake dogo huko La Habra Heights, California. Nia yake ilikuwa kuibebesha miche hiyo aina iliyokuwa ikisifiwa wakati ule. Mche mmoja ulikataa. Kila alipobebesha, tawi halikushika. Akataka kuung'oa, lakini akashauriwa auache. Mti ule ukazaa matunda yenye ganda gumu la vipelevipele ambalo hugeuka jeusi linapoiva, na watu wa nyumbani mwake wakayapenda kuliko mengine. Mwaka 1935 akapata hati ya serikali ya kuumiliki mti huo kama uvumbuzi. Hata hivyo hakupata mali kubwa, maana watu walinunua mche mmoja tu, kisha wakakata vijiti vyake na kujibebeshea wenyewe.

Hass alifariki mwaka 1952. Mti wake wa kwanza uliugua ugonjwa wa mizizi ukakatwa mwaka 2002. Lakini maparachichi ya Hass yanayochumwa leo Njombe, Rungwe, Kilimanjaro na Murang'a yote ni matawi ya mti ule mmoja, yaliyotoka mti hata mti. Mti umekufa, na bado uko hai katika nchi nyingi.

Tuone mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, mti ule wenyewe ulitokana na kokwa; kwa hiyo hatusemi kokwa haileti kitu chema kamwe. Huleta, lakini mara moja katika mara nyingi mno. La pili, ulipopatikana mti mwema, hawakurudi tena kwenye kokwa. Walikata vijiti. Embe la kwa bibi nalo laweza kutendewa vivyo hivyo, na gharama yake ni kisu kikali na ukanda wa plastiki.

Kuandaa mche wa chini

Mche wa chini uwe wa jamaa ileile. Mwembe kwa mwembe, mparachichi kwa mparachichi. Mchungwa na mchenza hukubali kubebwa na mlimau, na wakulima wengi wa machungwa hufanya hivyo. Wale wasemao kwamba wamebebesha mchungwa juu ya mwembe wanawadanganya watu. Wala usijaribu kubebesha mgomba. Huo una machipukizi yake.

Kwa mche wa chini usitafute utamu wa tunda, tafuta nguvu ya mti. Kokwa za embe za kienyeji zafaa sana. Pasua ganda gumu la kokwa kwa uangalifu, toa kiini, ukipande mapema kabla hakijakauka, upande wake wenye mgongo ukitazama juu, ili shina lisipinde. Kokwa ya parachichi huwekwa sehemu pana chini na sehemu iliyochongoka juu. Iwe imetoka katika tunda lililochumwa mtini, si lililookotwa chini, maana udongo waweza kuwa na ugonjwa wa kuozesha mizizi.

Jaza viriba kwa udongo mzuri wa juu, uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga kidogo. Viweke chini ya kivuli chepesi, umwagilie maji bila kuyafanya yatuame. Mche ukifikia unene wa penseli, umekuwa tayari. Kwa parachichi huweza kuchukua miezi 3 hadi 6. Kwa embe na limau hukaribia nusu mwaka au mwaka mzima.

Kuchagua kikonyo

Kikonyo ni kile kijiti kinachobebeshwa. Kikate kutoka mti ambao umekwisha kuona matunda yake kwa macho na kuyaonja kwa ulimi, si mti uliosifiwa tu. Uwe mzima. Mti wenye majani ya manjano yenye mabaka, au matunda madogo yaliyopinda upande, uache. Magonjwa mengi ya michungwa husafiri ndani ya kijiti, nawe utapanda ugonjwa huku ukidhani unapanda matunda.

Chagua ncha ya tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 10 hadi 15, lenye macho yaliyovimba lakini hayajafunguka. Kwa mwembe kuna siri ndogo. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukata, punguza majani ya ncha hiyo, ukiacha vikonyo vya majani tu. Macho yatavimba, na kazi itashika upesi zaidi.

Kata asubuhi. Ondoa majani yote yaliyobaki, vizungushie vijiti kitambaa chenye unyevu, tia katika mfuko, weka kivulini. Bebesha siku ileile. Kikonyo kilichoshinda juani ni kuni.

Kazi yenyewe

Kisu kiwe kikali kama wembe, au tumia wembe mpya. Kisafishe kwa spiriti au maji ya moto kila unapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Kama mikono yako bado haijazoea, jifunze kwanza kwa vijiti vya mpera vilivyokatwa, mpaka uweze kukata mara moja bila kuchongachonga.

Kata kichwa cha mche wa chini, kama sentimita 15 hadi 20 kutoka udongoni. Pasua shina katikati kwenda chini, sentimita 3 au 4. Chonga mwisho wa kikonyo pande mbili, upate umbo la kabari lenye urefu huohuo. Kichomeke kikonyo ndani ya mpasuko.

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, nasi twaomba msomaji asome polepole. Chini ya gome la mti kuna utando mwembamba wa kijani wenye utelezi. Utando huo ndio unaokua. Mti wa katikati haukui. Ni lazima utando wa kikonyo uguse utando wa shina. Kama vyote viwili vina unene mmoja, vitakutana pande zote. Kama kikonyo ni chembamba, usikiweke katikati kwa kutaka kipendeze. Kisogeze ukingoni, gome kwa gome, upande mmoja walau ukutane. Kikonyo kilicho katikati bila kugusa gome hukaa kijani siku kadhaa kwa maji yake ya akiba, nawe hufurahi, kisha hukauka.

Funga mara moja kwa ukanda wa plastiki, ukivuta imara. Anza chini ukipanda juu, kila mzunguko ukikanyaga ule uliotangulia, kama fundi aezekavyo makuti, ili maji ya mvua yateremke nje yasiingie katika kidonda. Kisha kifunike kikonyo kwa kifuko chembamba cha plastiki, kama vile vya kugandishia barafu, ukifunge chini ya kiungo. Mche urudi kivulini.

Baada ya juma 2 hadi 4 macho huanza kufunguka. Yakifunguka, ondoa kifuko, jioni au siku ya mawingu. Ukanda wa kiungo uuache mpaka kidonda kipone vizuri, kama miezi 2 au 3, kisha usisahau kuukata. Plastiki iliyosahauliwa hulikaba shina linaponenepa, na mti huvunjika hapo kwa upepo mdogo.

Wakati wote huo, kila chipukizi litokalo chini ya kiungo liondolewe. Hilo ni la mche wa chini. Ukiliacha litanyang'anya chakula, litamshinda mgeni, na baada ya miaka utakuwa na mti wa embe chachu huku ukiulaumu ufundi.

Jicho la mchungwa

Kwa mchungwa si lazima kikonyo kizima. Jicho moja latosha. Katika shina la mlimau chora kwa kisu herufi T, ukikata gome tu. Inua gome kwa ncha ya kisu. Kutoka tawi la mchungwa mzuri, ng'oa jicho moja pamoja na kipande chembamba cha gome, ulitelezeshe chini ya gome lililoinuliwa, likitazama juu kama lilivyokuwa mtini. Funga. Baada ya juma 2 au 3 fungua utazame. Jicho la kijani ni hai. Ndipo unapokata kichwa cha mche, ili nguvu ije kwenye jicho. Likiwa la kahawia limekufa, lakini mche haukupotea. Geuka upande wa pili wa shina ujaribu tena.

Msomaji anayeanza asibebeshe mche mmoja akautazama kwa wasiwasi. Abebeshe 10. Ikishika 4 au 5, hiyo si aibu. Mwaka ujao itashika zaidi. Nyanda za baridi, asifanye kazi hii Juni na Julai, maana utomvu huwa mzito kutembea.

Mwembe mkubwa usiofaa

Wengi wana mwembe mkubwa uani, kivuli kizuri, matunda ya kutupa. Usiukate kwa mkaa. Kata matawi makubwa, ukibakiza moja au mawili yenye majani ili mti usife kwa njaa. Penye mikato yatachipuka machipukizi mengi. Chagua machache yenye nguvu, yaliyokaa mbalimbali, na yakifikia unene wa penseli uyabebeshe kama tulivyoeleza. Mizizi ile mikubwa italisha matawi mapya kwa nguvu, na kwa kawaida hutangulia kuzaa kuliko mche mpya. Mtu akipenda, aweza kuweka aina mbili tatu katika mti mmoja: moja ya kuwahi msimu, nyingine ya kuchelewa.

Anayenunua atazame

Siko kila mtu mwenye nafasi ya kubebesha, na anayenunua si mjinga. Lakini ajue kutazama. Mche uliobebeshwa kweli una kovu, shina hupinda kidogo mahali pale, na mara nyingi rangi ya gome la juu na la chini si moja. Ukiona mche ulionyooka bila kovu, hata ukifungwa plastiki ya namna gani, ni mche wa kokwa. Tazama tena majani yanatoka wapi. Kama yote yametoka chini ya kiungo, kikonyo kilikwisha kufa, nawe unauziwa yaya bila mtoto. Afadhali kununua katika kitalu unachokijua kuliko kwa mpita njia, maana anayekudanganya leo hutamwona tena, na udanganyifu wake utauona baada ya miaka mingi.

Unapoupanda mche shambani, kiungo kikae juu ya udongo, kisifukiwe. Embe na parachichi zilizobebeshwa huanza kuzaa mnamo mwaka wa 3 au wa 4, kwa sababu kijiti kilitoka katika mti uliokwisha kukomaa. Ni kichanga kwa umbo, lakini ni mtu mzima kwa umri. Hata hivyo maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondoe. Mti mdogo ukizaa mapema hudumaa.

Kwenda kuomba

Sasa limebaki jambo moja lisilohitaji kisu. Mti mzuri una mwenyewe, na vikonyo havichukuliwi usiku. Nenda kwa mzee huyo, umwamkie, umweleze nia yako. Wazee wengi hufurahi kusikia kwamba mti wao unatakiwa. Omba vijiti vitano sita, na miche ikishika, mrudishie mmoja. Kama mkono wako umekuwa mwepesi, wabebeshee na watoto wake, kila mmoja mche wake, aupeleke alikojenga, Dodoma au Mwanza au popote.

Mzee akifariki, ukoo utakaa kugawa shamba, na shamba likigawanywa mara nyingi huleta maneno. Mwembe wake hauna haja ya kugawanywa hivyo. Kila mtoto aweza kuwa nao wote mzima, na asimpunguzie nduguye hata tunda moja. Lakini kazi hiyo hufanywa mti ungali umesimama. Kijiti hakikatwi katika gunia la mkaa.